Bakuli la Sita

Jumanne, na mpishi ni mimi.
Zuwena kaingia zamu ya jioni hospitali,
hatoki mpaka saa nne.
Nami nimerudi na harufu ya gesi ya friji mikononi,
nimepanda ngazi za Michenzani na ndoo ya maji,
kila ghorofa nikibadilisha mkono.

Wali wa mapembe, mkavu, bila nazi.
Nani ana nafasi ya kukuna nazi Jumanne?
Nyama ya kusaga nusu kilo, niliyoinunua kwa kusitasita,
naipiga thomu, bizari nzima, pilipili manga,
naikamulia ndimu, naiacha ijilie yenyewe
hata ikauke.
Jana yalibaki maharage.
Jana ni rafiki yangu.

Kisha visahani juu ya jamvi:
tungule na kitunguu,
kabichi nyembamba kama uzi,
embe mafuta lililopondwa na chumvi,
mahindi mawili ya kuchoma, nimeyapukuchua yangali moto,
maziwa ya mgando,
chipsi za muhogo, nimezivunjia ndani ya mfuko wake,
na pilipili mbuzi, peke yake, kule mbali,
kama mtu aliyegombana na nduguze.

"Haya! Kila mtu na bakuli lake. Ajitilie atakacho."

Ruweida hataki maharage yaguse kitu.
Haroub anataka nyama, na juu ya nyama, nyama.
Mbarouk, miaka minne, kaamuru chipsi chini, wali juu,
sasa analia kwa kuwa chipsi hazionekani.
Na Bi Mize, mama mkwe, mkono kiunoni:
"Baba weye, hichi chakula au uchaguzi?
Kwetu Konde ni sinia moja,
na mwenye haya hulala na njaa."
Lakini namuona, kijiko chake
kinarudi kwenye embe mafuta mara ya tatu.
Meno hana. Leo hakuna wa kumtafunisha kwa nguvu.

Likabaki bakuli la sita, lile la maua, lenye ufa.
Nikatia wali.
Nikasimama na upawa hewani.

Kitunguu anakipenda, au hukitoa?
Maziwa je? Pilipili?
Miaka kumi na minne nakula na mwanamke huyu.
Najua namba ya kiatu chake,
najua dua anayoisoma radi ikipiga,
najua kikohozi chake cha hasira na kile cha mafua.
Sijui anachochagua.
Sijapata kumuona akichagua.
Yeye hula pembeni mwa sinia, mwisho,
mfupa alioukataa Haroub,
ngozi ya samaki ya Mbarouk,
na husema ameshiba kabla hajakaa.

Nikaufunika wali mtupu kwa kawa.

Saa nne na nusu, ufunguo mlangoni.
Viatu kavishika mkononi asiwaamshe watoto.
Nikafunua visahani, kimoja kimoja.
"Nikutilie nini?"
"Chochote."
"Chochote kimekwisha."
Akacheka kidogo, akidhani mzaha.
Halafu akaangalia. Akaangalia sana,
kama msichana dukani
mwenye pesa yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.
Akaipita nyama. Akalipita embe mafuta.
Akainamia sufuria lililokuwa linangoja kuoshwa:
"Ukoko upo?"

Upo. Siku zote upo,
na siku zote yeye ndiye anayeukwangua
akawagawia wengine.

Nikaukwangua mimi, wote, mwiko ukilia chini ya sufuria.
Akatia tungule. Akakamua ndimu.
Akatia pilipili mbuzi, nyingi,
nyingi kuliko ambavyo ningethubutu kukisia,
akala amesimama, sare bado mwilini,
ukoko ukivunjika kinywani mwake
hata Bi Mize akauliza kutoka chumbani, gizani:
"Nani huyo anayekula kwa raha?"